Mwezi Aliouchagua Mjomba Masatu

Mjomba wangu Masatu alikuwa na shaka na kila kitu. Ukimsalimia mara mbili kwa siku moja, alijiuliza unataka nini kwake.

Mwishoni mwa mwaka sabini na tatu, chama chetu cha ushirika cha pamba, huku Bunda, kilipata barua kutoka Denmark. Wakulima wa huko walimtaka mkulima mwenzao awatembelee wiki tatu, na mwezi achague mwenyewe. Kura ikamwangukia Masatu. Mtu mwingine angechinja mbuzi. Yeye aliuliza ni nani mwenye haja ya kumwondoa nyumbani.

Sababu alikuwa nayo. Habari za serikali kuwahamishia watu kwenye vijiji vipya vya barabarani zilishafika, na mji wake, yaani boma lake, ulikuwa mbali na barabara. Kuhamishwa hakukukataa, aliogopa kuhamishwa asipokuwepo. Kwetu mwenye mji ndiye anayebeba kaa la moto kutoka jiko la zamani hadi jipya, na moto wa Masatu aliuwasha marehemu baba yake. Mji ukihamishwa bila mwenyewe kuubeba moto huo, amehesabiwa kati ya wafu.

Boniphace, katibu wa chama, alimshauri aende Juni. Alisema Juni kule ni kiangazi chao, ngano imesimama, ng'ombe wako nje, na jua halizami mpaka saa tatu usiku. Masatu aliposikia hilo la jua akajua anadanganywa. Tena Juni ni mwezi wa kuchuma pamba, watu wote wako shambani. Nani angeona nyumba yake inabomolewa? Mkewe, Nyangi, alimwambia kijana wa watu hana ubaya. Masatu akamwuliza ameanza lini kumtetea.

Boniphace alirudi mara tatu na Juni yake. Hiyo mara ya tatu ndiyo iliyoharibu kabisa. Masatu akaandikisha Januari.

Denmark aliikuta nyeupe tupu. Ng'ombe wamefungiwa ndani, miti haina hata jani, saa kumi jioni giza limeshaingia. Mwenyeji wake alimzungusha kwenye mashamba yaliyofunikwa na theluji, akimwonyesha kwa kidole mahali ngano inapokuwaga. Mjomba aliitikia kwa adabu, lakini moyoni alisema hawa hawana ngano.

Aliporudi kwenye mji wake alikuta uzio wa minyaa tu na majivu baridi. Nyumba yake sasa ilikuwa katika kijiji kipya, kando ya barabara. Nyangi alimweleza kwamba malori yalikuja siku ya tano baada ya yeye kuondoka, na kwamba hakuthubutu kuugusa moto ule. Jiko jipya waliliwasha kwa kiberiti. Mjomba alikaa chini akalia mbele yetu sote, wala hakujificha.

Jioni Boniphace alikuja kumpa pole.

"Mzee, Juni malori yote yanabebaga pamba, hakuna mtu angehamishwa," alisema. "Hii ya Januari niliijua. Nilitaka ikukute nyumbani, ila nilikatazwa kusema."

"Si ungeninong'oneza."

"Ningekunong'oneza, ungeniamini?"

Pamoja na ubaya wake wote, mjomba wangu hakuwa mwongo. Akajibu kwamba asingemwamini.