Siku Maji ya Samaki Yalipogeuka Mekundu

Hata leo nikikaribia kanisa letu hapa Gatongora mimi huvuka barabara nikapitia upande ule mwingine, kwa sababu kuna akina mama pale ambao wakiniona tu wanashika vitambaa vyao vyeupe vya kichwa, na siwezi kuwalaumu, aibu hiyo niliikoroga mwenyewe na kijiko.

Nafuga tilapia nyuma ya nyumba ya mama mkwe wangu. Maji yao machafu yanapanda kwa pampu, yanalisha spinachi zilizopandwa kwenye kokoto (udongo hakuna hata kidogo), kisha yanarudi kwa tangi yakiwa safi. Mami, ndivyo ninavyomwita mama mkwe, alinipa pahali pa ng'ombe wake, ng'ombe akapelekwa kwa dada yake Kiganjo, lakini roho yake haikutulia, maana yeye ni wa zamani, samaki hajawahi kutia mdomoni, anasema eti wanamwangalia. Siku moja akaniambia, "Jumamosi naleta wenzangu wa kanisa waombee hii kazi yako. Wakiona ni ya maana, sawa. Wakiona ni mchezo, ng'ombe wangu anarudi."

Na wiki hiyo hiyo ndiyo spinachi ziliamua kuwa za manjano. Dada wa duka la dawa za shamba kule Thika alinieleza kwamba samaki hutoa chakula kingi cha mboga lakini madini ya chuma hayatoshi, lazima uongeze. Akanipa unga mweusi mweusi. "Kidogo tu, halafu ungoje majani mapya, ndiyo yatatoka kijani." Kungoja! Na wageni wako njiani? Asubuhi ya Jumamosi nikatia kijiko, nikaangalia, nikatia cha pili, cha tatu nikasema ni cha Bwana.

Jamani, sijawahi kuona kitu kama kile. Unga uligusa maji ukafunguka kama moshi, ukazunguka, ukashuka, na kabla sijafunga mkebe tangi lote lilikuwa jekundu kama divai ya Meza ya Bwana, samaki hawaonekani. Nilisimama mdomo wazi. Yalipendeza yale maji, haki, na yalinitisha, nikahisi nimegusa kitu kikubwa kuliko mimi.

Halafu nikasikia geti. Ningesema ukweli pale pale, yangeisha. Lakini mimi nani? Nikakimbia nikaleta kitambaa cha meza, kile cha Krismasi, nikafunika tangi, nikakivuta kikakaza vizuri. Akina mama wakazunguka, wakasifu kitambaa, na mwenyekiti wao, Mama Wanja, akafumba macho akaanza kuomba.

Nilichosahau ni kwamba kokoto zikishajaa maji, bomba lililo juu ya tangi huyamwaga yote kwa mpigo, kwa kishindo, kama choo cha kuvuta. Mama Wanja alikuwa amefika pale pa, "Bwana, tuonyeshe ishara," na bomba likaitikia. Maji mekundu yakapiga kile kitambaa kilichokaza, yakaruka juu, yakawarukia wote kichwani.

"Ngai fafa, Mungu wangu! Damu!" Mama Wanja akapiga nduru. "Shindwe! Shindwe kabisa!"

"Si damu, mama, ni chuma! Ni dawa ya mboga!" Nani anasikia? Basi, ili waamini, nikaingiza mkono nikatoa tilapia mzima (akili zangu zilikuwa wapi sijui), akateleza, akaingia moja kwa moja kwenye mkoba wa Mama Wanja uliokuwa wazi, juu ya Biblia. Huo ndio ulikuwa mwisho wa maombi. Wengine viatu walivirudia siku nyingine.

Aliyebaki ni Mami. Alitoa samaki kwenye mkoba ulioachwa, kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye hata kuwagusa hakutaka, akamrudisha majini, akaondoa kitambaa. Nikarusha chakula cha samaki. Na kutoka ndani ya ule wekundu midomo ikaanza kutokea, mingi, imetulia, inakula.

"Wako hai?"

"Wako hai, Mami."

"Na wanakula humo ndani!" Aliinama karibu aguse maji na pua. Nikamwonyesha majani yaliyopauka, nikamweleza kilichopungua. Akayashika.

"Nikiwa na mimba ya bwana yako nilipauka hivi hivi," akasema polepole. "Daktari akanipa tembe za kuongeza damu. Kumbe hata mboga."

Niliapa siku hiyo: chuma sitii tena siku ya wageni, na nikitia nitatia kidogo na sifuniki. Akina mama hawajarudi kuomba tena. Lakini majani mapya yalipoanza kutoka, kijani kizito cha kung'aa, nilimkuta Mami amekaa kwenye stuli yake kando ya tangi, ameshika simu sikioni, anawatazama samaki nao wanamtazama.

"Huyo ng'ombe," anamwambia dada yake, "kaa naye tu huko Kiganjo. Hapa hakuna nafasi."