Mwalimu wa Kiti cha Kulia

Najua utasema marubani tukikaa sana peke yetu tunaanza kuota tukiwa macho. Sema tu. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, tena mchana, jua likiwaka juu ya uwanja wa Kigoma.

Narusha ndege ndogo ya injini mbili, ya mizigo na wagonjwa. Nilihamishwa kutoka Tanga, nikapanga chumba mtaa wa Kasingirima, na huku hapakuwa na rubani mwingine wa kampuni yetu. Unajua upweke wa kazi hii? Injini moja ikizima, ile nzima inakusukuma upande hadi ndege itake kupinduka, na una muda mfupi sana wa kujua ipi imekufa. Usipofanya mazoezi mwili unasahau. Kwenye mashine ya kuigizia urukaji tunapelekwa mara moja moja, tena mbali. Siku nyingine zote nilikuwa nakaa kitandani nimefumba macho, nakanyaga pedali zisizokuwepo.

Basi kampuni ikaahidi kuniletea mwalimu kutoka Dar kwa ndege ya mchana. Sikuwahi kumwona. Nikiwa naikagua ndege yangu, akaja mwanamume wa makamo, shati jeupe, akanisalimu kwa Kiha, salamu ya mchana, "Mwiriwe, Kapteni." Nikamwamkia. Jina sikumuuliza, nilidhani ninalijua, wala sikuangalia kama ndege ya Dar imeshatua.

Tukaruka kufuata ufuko wa ziwa kwenda kaskazini. Kibirizi ikapita chini yetu, dagaa walioanikwa wakimetameta. Tulipokaribia kijiji cha Mwamgongo, ghafla akavuta nyuma wenzo wa injini ya kushoto, ikapoteza nguvu. Ndege ikalalia kushoto. Nikakanyaga pedali ya kulia, nikababaika, mkono wangu ukaenda kwenye wenzo wa kuizima ile injini nzima.

Akaweka kiganja chake juu ya mkono wangu. Niamini, kilikuwa baridi na kimelowa maji.

"Mimi nilishika huo huo," akasema taratibu.

Nikadhani anakumbuka mtihani wake wa zamani. Akaniambia nisikilize miguu: mguu unaokosa kazi ya kukanyaga, injini ya upande huo ndiyo iliyokufa. Tukarudia tena na tena mpaka nikaanza kucheka kwa raha. Njiani akaniuliza kama nina mtu wa kula naye jioni. Nikasema sina. Akasema hata yeye.

Tulipotua nikazima injini, nikageuka kumshukuru. Kiti cha kulia kilikuwa kitupu, kimelowa chapachapa, na mlango bado umefungwa kwa ndani. Simu ikalia. Ilikuwa sauti nisiyoijua.

"Samahani Kapteni, ni mimi mwalimu wako, ndege yetu imeahirishwa. Bado niko Dar."

Nikampigia muongoza ndege mnarani, nikamuuliza niliondoka na nani. Akanijibu kwamba aliniona napanda peke yangu, na alishangaa kunisikia nacheka redioni.

Miezi michache baadaye injini ya kulia ilizima kweli, nikiwa ndiyo kwanza napaa na muuguzi na mama mjamzito aliyekuwa anavuja damu. Mguu wangu wa kulia ulikosa kazi, nikajua. Mkono haukukosea. Tukazunguka, tukatua, wakampeleka hospitali, akajifungua salama.

Niliulizia hadi Ujiji. Wazee wawili watatu walikumbuka ndege iliyoingia ziwani upande wa Mwamgongo zamani, rubani wake hakuopolewa. Hakuna aliyemjua jina.

Hajarudi. Nikipita pale huwa natazama upande wa kulia, na naona aibu kukuambia kwamba namsubiri. Nani mwingine aliwahi kuniuliza nitakula na nani?

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Mtu akikujia siku ya upweke wako, akakaa kando yako, muulize jina kabla hamjaondoka. Mimi Jumapili nikipiga magoti kumwombea, nafika mahali pa jina, nanyamaza.