Mfanyakazi Bora wa Mwezi

Tulipopiga ile filamu ya wauza unga pale Baltimore, Marekani, mshauri wetu alikuwa mzee aliyewahi kuuza kweli. Mimi nilishona nguo za waigizaji, basi nilimwona kila siku. Kabla ya kukaa alipangusa kiti kwa leso, kisha akatueleza kwa upole habari za zamu, vikao na kupandishwa cheo, utadhani ni benki. Siku moja mwongozaji akatundika ukutani picha za wafanyakazi wetu bora wa kila mwezi.

“Vipi, mzee wangu, na hizi mlikuwa nazo?” akamtania.

Mzee akainyoosha ya Machi, iliyokaa upande.

“Tulikuwa nazo, kijana. Ila zetu tulizichapa kwenye fulana, tukazivaa siku ya kumzika mwenyewe.”