Bi Harusi Aliyesema

Jumamosi nilikuwa kwenye gari lililompeleka bi harusi kwa mumewe, Msambweni. Mjomba wake ndiye aliyeendesha, na shangazi yake alikaa naye nyuma. Karibu na Gazi lori lilitumwagia tope kioo kizima. Mjomba akabonyeza kitufe cha maji, waipa zikacheza, na kioo kikajaa povu zito kama tui la kwanza. Barabara ikapotea.

"Umetia nini humo?" shangazi akapiga kelele.

"Sabuni ya vyombo. Yatoa masizi ya sufuria, sembuse tope!"

Bi harusi, aliyekuwa kimya safari nzima, akafunua ushungi. "Mjomba, simama kando tafadhali. Sabuni hiyo yafanya povu na kuziba vitundu vya maji. Kioo kina dawa yake, yauzwa kwenye vituo vya petroli."

"Nyamaza," shangazi akamnong'oneza. "Bi harusi hasemi!"

"Basi nifike kwa mume wangu maiti, lakini mwenye adabu?"

Mjomba alisimama akicheka hadi machozi, akaosha kioo kwa maji yetu ya kunywa. Shangazi alinuna kidogo, kisha naye akashindwa kujizuia.

Mdogo wangu bado hajaoa. Nimemwambia atafute mke atakayemwambia "simama" kabla hajatumbukia mtaroni.