Masaa ya Msiba Niliyoyatilia Sahihi

Shule niliacha darasa la tatu. Kiswahili nasoma polepole, Kiingereza nasikia kidogo, kukisoma siwezi. Lakini jina langu naliandika vizuri, na nikiliandika mahali nimesema kweli.

Kanisani kwetu hapa Etobicoke, Kanada, mimi ndiye msimamizi wa jiko la misiba. Mtu akifiwa, hapiki. Tunapika sisi wanawake mpaka matanga yaishe, na hakuna anayehesabu masaa. Ukianza kuhesabu kazi ya msibani, kwetu tutakutazama mara mbili.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alitaka kuingia kundi la wanafunzi wa heshima shuleni kwao. Alinieleza mwenyewe masharti: uwe na masomo mazuri, uwe kiongozi, utumikie watu, uwe na tabia njema.

Nikamwambia, "Masomo unayo. Hiyo ya kutumikia je?"

Akacheka tu.

Wiki hiyo hiyo alinikuta nachambua maharage, ana karatasi. "Mke mwenza, nitilie sahihi hapa." Ndivyo tunavyotaniana.

"Ya nini?"

"Ruhusa. Safari ya shule."

Nikafuta mikono, nikatia.

Siku ya kuwavisha beji waliokubaliwa kundini nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Binti yangu alikuwa kazini, kwa hiyo nilikwenda na rafiki yangu wa kanisani, anayejua Kiingereza. Mumewe tulimzika kipindi cha baridi kilichopita. Mjukuu wangu akaitwa mbele, mwalimu akasoma sifa zake. Rafiki yangu akaniinamia.

"Dada, wanasema ameongoza jiko la misiba. Masaa arobaini. Shahidi ni wewe."

"Jiko lipi?"

"Letu. Na msiba wa baba watoto wangu umo. Mbona mimi sikumwona?"

Mjukuu wangu alikuja jikoni mara moja tu. Alikaa juu ya ndoo, simu mkononi. Nilipompa vitunguu amenye, akasema vinamwasha macho. Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiweka mapajani, na rafiki yangu nilishindwa kumtazama.

Nyumbani nikamuuliza mjukuu wangu. Alinijibu kwa Kiingereza, nikamwambia aseme nimwelewe.

"Bibi, wote wanafanya hivyo. Wewe ulipika, mimi mjukuu wako. Si kitu kimoja?"

"Ungeniomba niseme uongo, ningekukatalia. Ndiyo maana hukuniomba."

Jumatatu nikampeleka kwa mwalimu. Nikamwambia, "Tafsiri. Kila neno." Nikaeleza yote: sikujua nimetia sahihi nini, masaa yale si yake, kuna mjane ameumizwa. Nilisema mengi. Yeye akasema machache, anatazama sakafu. Mwalimu akatabasamu, akaweka mkono kifuani, akanishukuru.

Hapo nikajua ameniuza mara ya pili, safari hii nimesimama pale pale.

Nikaomba karatasi kwa ishara. Ilipowekwa mezani nikaweka kidole juu ya jina langu, nikasema kwa Kiingereza changu kibovu kwamba hii si kweli. Nikarudia. Mwalimu akaacha kutabasamu, akamgeukia mjukuu wangu. Mtoto akaanza kulia. Beji akaivua mwenyewe.

Binti yangu alikasirika. "Mama, si ungetuachia tuyamalize nyumbani?"

"Msiba ulikuwa wa watu," nikamjibu. "Hatuwezi kuumalizia chumbani kwetu."

Kwa rafiki yangu nilikwenda kuomba radhi peke yangu. Mjukuu alikataa kuja, akasema nimeshamwaibisha vya kutosha. Tunaishi nyumba moja, ananisalimia, chakula changu anakula. Lakini barua ya kliniki ikija, naanza kwa jirani anisomee, kisha nampa mjukuu naye asome. Maneno yao yakilingana, ndipo nachukua kalamu. Naye anajua kwa nini namfanya asome wa pili.