Mpagazi kwenye Barua ya Njia

Rafiki yangu alibeba kitanda cha Mzungu kwa siku kumi na moja, kutoka Wamaza mpaka upande wa machimbo ya dhahabu ya Salamabila, kwa sababu ya neno moja nililoliandika mimi, kwa mkono wangu, asubuhi, bila mtu kunilazimisha. Neno lenyewe lilikuwa "mpagazi".

Wakati ule, zama za Wabelgiji, nilikuwa karani katika ofisi ya serikali pale Kasongo. Rafiki yangu alikuwa fundi wa nguo; cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka karibu na soko. Mimi ni mtoto wa misioni, yeye alikuwa mtoto wa msikiti, mungwana wa Kasongo kwa baba na kwa babu. Kwingine mungwana ni mtu mwenye adabu tu. Kwetu neno hilo lilikuwa na uzito mwingine: mungwana ni mtu ambaye katika ukoo wake hakuna aliyetwishwa mzigo wa mtu. Ungeweza kumwita fundi yule maskini, ungeweza kumwita mvivu, angecheka. Mpagazi hapana.

Mwaka huo ilitufikia habari kwamba katika kambi ya wakoma ya Kabambare watu wanakula bila chumvi na wanavaa magunia. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu mama yake afe, alikuwa amepelekwa huko miaka miwili nyuma, na hakuwa amemwona tena. Yeye ndiye aliyesema twende kwa miguu, tupeleke sadaka. Neno sadaka lilikuwa la kwangu na la kwake pia, kwa hiyo hatukubishana. Wamama wa parokia walileta chumvi, wanawake wa msikiti walileta vitambaa vya merikani, naye akashona mashati na nguo za kike mpaka vidole vikavimba.

Ilibaki barua ya njia. Bila barua hiyo hukuruhusiwa kutoka teritwari moja, yaani wilaya, kwenda nyingine. Watu wa msikiti walikuwa wanaangaliwa sana na serikali. Ombi lao lilipanda kwa Bwana Administrata, Mzungu mkuu wa teritwari, na kukaa huko hata miezi. Lakini karani aliye likizoni, akiwa na mpagazi wake, alijaza barua mwenyewe na kupigiwa muhuri siku ileile. Barua za kusomwa na watu wa masultani, yaani machifu wa vijiji, zilikuwa za Kiswahili. Nikaandika majina yetu mawili, kisha: karani mmoja, mpagazi mmoja. Fundi alisoma herufi za Kiarabu, za kwetu za misioni hakuzisoma. Nilikunja karatasi, nikaitia mfukoni, nikamwambia mambo iko sawa.

Tuliondoka na vifurushi viwili, kila mtu chake kichwani. Nilimwuliza kama haoni haya kupita sokoni amejitwisha.

"Hii si mzigo," alisema. "Hii sadaka. Weye ndiyo utaona haya. Kichwa yako imezoea kofia tu."

Siku mbili alinicheka hivyo. Nilipoteleza kwenye daraja la miti akaniuliza kama Bulamatari, yaani serikali, alinifundisha kutembea au alinifundisha kukaa tu. Nilipovua viatu alihesabu malengelenge yangu kwa sauti, mbele ya wanawake waliokuwa wakitwanga mihogo, nao wakacheka pamoja naye. Kila jioni alifungua kifurushi chake, akahakikisha kwamba nguo aliyomshonea mama mdogo haikupata maji.

Siku ya tatu tulifika Wamaza. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa machimbo aliyekuwa akipita kwenda Salamabila, na wanne kati ya wapagazi wake walikuwa wametoroka alfajiri hiyo. Polisi wa sultani walisimama njiani wakitafuta watu. Kapita, msimamizi wa njia, alitaka barua yetu, akaisoma kwa sauti kama mtu anayejivunia kusoma.

"Mumoja karani wa Bulamatari," alisema. "Mumoja mupagazi."

Rafiki yangu aliangua kicheko. "Mupagazi iko nani apa?" Akanisukuma begani. "Weye? Nilijua! Angalia ile kichwa, iko bapa kama meza!"

Kapita hakucheka. Alitazama viatu vyangu, halafu miguu mitupu ya mwenzangu. "Karani ni ule mwenye viatu," alisema. "Weye, weka chini ile yako. Iko kitanda ya Bwana pale."

"Baba, mimi fundi wa nguo. Mungwana wa Kasongo."

"Barua inasema mupagazi. Barua inasema bongo, inasema uwongo?"

Ndipo rafiki yangu aliponigeukia. "Ndugu yangu, ile karatasi inasema nini?"

Nilijua adhabu ya karani aliyeandika uongo kwenye barua ya serikali: gereza, na kiboko asubuhi mbele ya bendera. Nilikuwa nimeandika hukumu kama hizo mimi mwenyewe. Nilifungua mdomo, nikaona kapita ananingojea, polisi wananingojea, nikaufunga.

Rafiki yangu aliniangalia. Halafu akamwambia kapita, "Sawa. Ni mimi." Akaweka kifurushi miguuni pangu, akaenda penye kitanda. Kilikuwa cha chuma, cha kukunjwa. Alikosea namna ya kukiinua. Mpagazi mmoja mzee akamwonyesha, akamwekea majani kichwani.

Nilimaliza safari peke yangu. Nilipeleka kifurushi kimoja mbele, nikakiacha kwenye nyumba ya mtu, nikarudi kuchukua cha pili, hivyo hivyo mpaka Kabambare. Njia ya siku mbili ilinila siku sita.

Mama mdogo alitoka mlangoni kwa magoti. Aliipokea nguo, akapitisha mshono mdomoni, maana vidole vyake havikusikia tena.

"Hii mukono yake," alisema. "Na yeye mwenyewe?"

"Iko nyuma, mama."

"Nyuma wapi?"

"Njiani."

Akakunja nguo, akasema ataivaa siku mtoto wake atakapofika. Wengine waligawana chumvi. Waliniombea baraka, Wakristo na Waislamu, nami nikaitikia amina.

Fundi alirudi Kasongo siku nyingi baada yangu, amekonda, shingo haigeuki vizuri. Nilimfuata barazani. Aliendelea kushona.

"Uliandika weye?" aliuliza.

"Mimi. Nilitaka twende upesi."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa." Alikata uzi kwa meno. "Mama mudogo alisema nini?"

Nilimweleza yote, pamoja na ile nguo aliyoikunja. Alisimamisha cherehani.

"Niandikie barua ingine," alisema. "Ya kweli."

Niliiandika siku hiyo: fundi wa nguo, Mwislamu, anaomba kwenda Kabambare kumwona mama yake mdogo mgonjwa. Nilijua maana yake. Nakala ya barua ya kwanza ilikuwa bado kwenye faili, na mtu mmoja hawezi kuwa mpagazi wangu mwezi huu na fundi mwezi ujao bila mtu kuuliza nani aliandika. Niliiweka mezani kwa Bwana Administrata, juu ya nyingine.

Kila siku fundi alipita kuuliza. Kila siku nilimwambia bado. Ijumaa moja, baada ya sala, nilimwona barabarani na kifurushi kidogo, uso kuelekea Kabambare, hana barua yoyote. Alinipungia mkono. Sikumwita arudi.

Jumanne Bwana Administrata aliichukua ile barua, akaisoma mpaka mwisho, akaomba na faili ya barua za njia za miezi iliyopita. Aliziweka karatasi mbili sambamba. Halafu, bila kuinua macho, aliniagiza nikamwite fundi huyo aje mara moja. Wakati huo fundi alikuwa siku ya tano njiani, karibu na Kabambare kama miguu ilimkubalia, nami, badala ya kwenda kumwita, nilibaki mbele ya meza nikasema kwamba neno mpagazi niliandika mimi.