Mlima wa Dada Yangu

Dada yangu alikuwa na nidhamu mpaka ikawa kero. Kwetu Kivaa aliamka kabla ya kuku, akatandika kitanda macho yakiwa bado mazito, na kama mimi nilikuwa ningali juu yake, alinitandika nacho. Alitafuna chakula polepole kama mtu anayekikagua. Mimi, niliyemfuata kuzaliwa, nilipenda usingizi, na sioni aibu kulisema. Kitanda kilikuwa kimoja. Mtu mmoja kati yetu ilibidi akitumie.

Miaka hiyo ya tisini alikuwa na jambo moja tu kichwani: kuandikwa askari. Watu wangeandikwa uwanjani Machakos, na kila mtu alijua kwamba kabla ya kuulizwa cheti, unakimbizwa kwanza. Umri ulikuwa unamtupa mkono. Akikosa safari hii angebaki na nafasi moja, kisha ni jembe na mbaazi mpaka uzeeni. Baba akatutuma kwa shangazi yetu, nje kidogo ya mji, yeye akafanye mazoezi, mimi nimsindikize.

Siku ya pili tu akarudi anang'aa. Alikuwa amepata kilima upande wa Kyamwilu, barabara tulivu isiyo na wapita njia.

"Nimepanda ile mlima ni kama sikanyagi chini," akaniambia. "Akili ikikubali, miguu inafuata."

Nilitaka tumwulize shangazi kuhusu njia hiyo, akanikataza. Mtu mwenye lengo hatangazi, alisema, maneno yanamaliza pumzi.

Basi tukawa tunaenda kila asubuhi. Yeye alikuwa na mpango wake: kupanda anakimbia, kuteremka anatembea, asije akaumiza magoti. Na mimi nikawa na wangu: kupanda natembea, kuteremka nakimbia. Mtu mwenye akili timamu hukimbilia pale ambapo dunia inamsaidia. Tukipishana katikati alinitazama kwa huruma, nami nikamtazama vivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba mteremko wangu ulikuwa unaniua. Nilifika chini nahema kama ng'ombe wa plau, kifua kinawaka moto, naye dada kule juu alikuwa amefika zamani, mkavu, anajinyoosha viungo. Nikitembea kupanda, najiona mwepesi ajabu. Nikigeuka tu kuteremka, ugonjwa unarudi. Shangazi aliona ninavyokonda akaninywesha dawa ya minyoo. Dada yeye akanihubiria.

"Uvivu ni kitu mbaya. Hata kuteremka inakushinda!"

Nilinuna siku nzima, kwa sababu nilimwamini.

Siku yenyewe ilipofika, nilijipanga na wasichana wengine kwa sababu askari walikuwa wakiwafukuza watazamaji nje ya uwanja, nami nilitaka kuona. Kipenga kikalia. Nikakimbia huku nikingojea kifua kiwake. Hakikuwaka! Miguu ilikwenda kama niliyoazima. Niliwapita waliovaa viatu vya michezo, nikafika pamoja na wa mbele. Nilipogeuka kumtafuta dada, alikuwa nyuma kabisa, mdomo wazi, anauvuta mguu mmoja baada ya mwingine. Hakuacha. Alimaliza wakati waliohitajika walikuwa wameshapatikana.

"Wewe, simama hapa na wenzako," afande akaniambia.

"Aa, afande, mimi nimesindikiza tu. Chukua huyu dada yangu, ndiye amefanya mazoezi."

"Kwani hii ni harambee?"

Akaniamuru nifunue mdomo, akanichungulia kama anayenunua mbuzi, akaona mapengo yangu mawili, akasema mwenye mapengo hachukuliwi, akanitoa kwenye mstari. Dada hakulia njiani. Niliyelia ni mimi, kwa sauti, na watu wakanipa pole nyingi wakidhani nimefiwa.

Nyumbani shangazi akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwani mlikuwa mnakimbilia wapi?"

Tukamwambia. Akashika mlango asianguke.

"Asi! Kyamwilu? Si hapo hata maji inapanda mlima!"

Alicheka mpaka leso ikamfunguka. Akachukua mtungi, akatupeleka, akamwaga maji barabarani mahali tulipozoea kuanzia. Maji yakaanza kupanda, taratibu, bila haya. Pale macho hudanganywa, akatueleza; panapoonekana mlima ndipo mteremko, na panapoonekana mteremko ndipo mlima wenyewe.

"Kila mtoto hapa anajua. Si mngeuliza?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Dada alikuwa akiyatazama yale maji.

"Kumbe siku hizi zote nimekuwa nikiteremka," akasema.

Nilidhani sasa atakata tamaa, na kusema kweli nilitamani akate. Ningemfariji vizuri, tukalala wiki nzima. Asubuhi akanivua blanketi.

"Amka. Leo nataka upande wako."

Nilimtukana, nikavaa viatu.

Alikimbia upande wangu mpaka waliporudi kuandika watu tena, na ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Safari hii mimi nilikaa nje ya ua, nimeng'ang'ania seng'enge. Alimaliza mbele ya wote, na wa pili wake alikuwa mbali. Afande akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Umefanyia wapi mazoezi, wewe?"

Dada akasimama wima, uso mkavu kabisa.

"Kwa mteremko, afande."

Afande akadhani anafanyiwa mzaha, lakini akamsogeza upande wa waliochukuliwa. Nami nikalia tena, na safari hii sikutaka pole ya mtu.